Bisibisi ya bunduki si ile ya bawaba

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Tarime mjini au Mugumu ukaomba bisibisi, muuzaji atakuuliza swali moja tu: ya bapa au ya nyota? Ukisema bapa anakupa, unalipa, unaondoka. Kwa bawaba ya mlango au soketi ya umeme ukutani, kazi itafanyika. Ukiipeleka bisibisi hiyo hiyo kwenye bunduki, mara nyingi itateleza na kutafuna kichwa cha skrubu. Ikiteleza vibaya zaidi, inachora mstari mrefu juu ya chuma au inazama kwenye kiganja cha mkono ulioshika.

Likishatokea hilo, watu husema skrubu ilikuwa imeshika, au kwamba kutu ndiyo ya kulaumiwa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika dukani, kwa kuchukua bisibisi ambayo umbo la ncha yake halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza tofauti ya maumbo hayo. Yanawahusu wanaomiliki silaha kwa leseni katika wilaya za Tarime na Serengeti: mfugaji au mfanyabiashara mwenye shotigani, mlinzi wa kampuni binafsi, askari wa wanyamapori wa vijiji vya Jumuiya ya Ikona kama Robanda na Nyichoka. Yanamhusu pia yule asiyemiliki chochote ila ameachiwa bunduki ya babu darini. Huyo tuanze naye, kwa sababu jibu lake ni fupi na halina bisibisi ndani yake.

Kabla ya kushika chombo

Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu, na mtu huyo akifariki leseni haihamii kwa mwanawe pamoja na ng'ombe na shamba. Bunduki ya urithi inapaswa kufikishwa polisi, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Kama ilikuwa haina kibali tangu mwanzo, Umoja wa Afrika umeuweka mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya aina hiyo. Usiifungue kwanza "kuona kama bado nzima". Ikiwa ni gobore, yaani ile ya kushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu, usiisogeze kabisa. Baruti iliyoshindiliwa miaka mingi iliyopita inaweza kuwa bado imo na bado ikawaka. Waite polisi waje waione hapo ilipo.

Kwa mwenye leseni, sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya zamani. Kutengeneza silaha za watu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Fundi pikipiki au mchomeleaji wa mageti, hata awe na mkono mzuri namna gani, si mtu wa kupelekewa bunduki. Utakuwa umemtia yeye matatani na wewe pia. Kwa maoni yetu, mmiliki wa kawaida abaki na mambo matatu: kusafisha, kupaka mafuta, na kukaza skrubu ya nje iliyolegea. Ukijikuta unataka kufungua sehemu ya kifyatulio, umeshavuka mpaka wako.

Sababu ya kusisitiza hili inajulikana na kila aliyekulia upande huu. Watafiti walioishi miongoni mwa Wakurya wameandika jinsi wanaume wengi wa hapa walivyotumikia jeshi la mkoloni na baadaye jeshi la taifa, na jinsi bunduki zilivyoongezeka vijijini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wizi wa mifugo ukabadilika sura. Tarime na Rorya leo ni mkoa wa kipolisi unaojitegemea. Katika mazingira kama hayo skrubu iliyotafunwa si suala la urembo. Ofisa anayekagua silaha akiona vichwa vya skrubu vimechubuka, ni halali yake kuuliza nani aliifungua, lini, na alikuwa anatafuta nini. Mwenye silaha halali hana sababu ya kujitafutia maswali hayo kwa bisibisi ya bei ya chini.

Jambo la mwisho kabla ya kazi: toa risasi zote. Fungua bolti, au kunja shotigani, utazame chemba kwa macho kisha uiguse kwa kidole. Kama ina magazini, itoe. Kama magazini ni bomba chini ya mtutu, hakikisha bomba liko tupu. Risasi zipelekwe chumba kingine kabisa. Hata ukiwa umeshafanya hivyo, mtutu usielekee mtu, wala mtoto anayechungulia mlangoni.

Kabari na mfuo

Sasa turudi kwenye ncha. Chukua bisibisi ya bapa ya kawaida uitazame kwa ubavu. Utaona chuma kinaanza kinene, kisha kinapungua taratibu hadi mwisho. Ni umbo la kabari, kama ile ya kupasulia magogo. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili bisibisi moja iingie kwenye skrubu za ukubwa mbalimbali: kabari itazama mpaka ikwame popote.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfuo wa skrubu ya bunduki, yaani ule ufa ulionyooka kichwani, kuta zake mbili zimesimama wima na sakafu yake ni tambarare. Kabari ikiingia humo haigusi kuta zote. Inagusa kingo mbili za juu tu, palipo pembamba na dhaifu zaidi. Ukizungusha, nguvu yote ya mkono wako inakusanyika kwenye kingo hizo. Tena, kwa kuwa pande za kabari zimelala mshazari, sehemu ya nguvu hiyo inageuka kuwa msukumo wa kuelekea juu. Bisibisi inapanda, kingo zinapinda, bisibisi inatoka. Kadiri unavyozungusha kwa nguvu ndivyo inavyojisukuma nje kwa nguvu. Ukibonyeza zaidi unaongeza ukubwa wa jeraha tu.

Bisibisi ya bunduki ncha yake imesagwa pande zote mbili hadi zikawa sambamba, kama ukurasa wa daftari jipya. Ikiingia kwenye mfuo inakaa juu ya sakafu, na pande zake zinakumbatia kuta kuanzia chini hadi juu. Nguvu inagawanyika kwenye eneo lote, na hakuna kinachoisukuma kupanda. Nyingine zimekwanguliwa kidogo juu ya ncha, zikawa na kama kiuno, ili sehemu nene ya chuma isiguse kingo za mfuo. Hilo ndilo umbo la kutafuta. Usitazame jina lililoandikwa kwenye pakiti. Igeuze bisibisi ubavu uitazame kwenye mwanga.

Anayeifahamu vizuri habari hii hapa mtaani ni fundi cherehani. Skrubu za cherehani zina mifuo myembamba na chuma kigumu, na fundi wa siku nyingi ana bisibisi yake ndogo ambayo hamwazimi mtu. Niliwahi kumwomba mmoja nikakaze miguu ya meza. Alinipa kisu.

Umbo likishakuwa sahihi, bado kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni unene. Ncha ijaze mfuo bila kulazimishwa na bila kucheza. Njia rahisi ya kujua: iweke kwenye mfuo, usizungushe, itikise taratibu kushoto na kulia. Ikitikisika kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, ni nyembamba mno. Isipofika kwenye sakafu ya mfuo, ni nene mno. Inayofaa mara nyingi husimama yenyewe hata ukiiachia kwa sekunde moja.

Cha pili ni upana. Ncha iwe na upana unaokaribia kipenyo cha kichwa cha skrubu, isizidi. Ikiwa fupi unatumia sehemu ya katikati tu ya mfuo, ambako unahitaji nguvu nyingi kuzungusha. Ikizidi upana, pembe zake zinakwangua chuma kinachozunguka skrubu. Kwenye shotigani yenye michoro ubavuni, mkwaruzo huo ni kovu la kudumu.

Ndiyo maana mafundi hawana bisibisi moja. Wana seti: mpini mmoja na vichwa vingi vya kubadilisha, kila kimoja na unene na upana wake. Vingi vina shina la pembe sita la robo inchi, karibu milimita 6.35, kwa hiyo kichwa cha kampuni moja kinaingia kwenye mpini wa kampuni nyingine. Kama utanunua, nunua seti yenye vichwa vingi vya bapa. Seti nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zimejaa vichwa vya nyota ambavyo hutavitumia, na vya bapa ni vitatu, vyote kabari.

Mpini nao una kazi yake. Mkono ukiubana mpini wenye kipenyo cha milimita 30, nguvu ile ile inazungusha mara moja na nusu zaidi ya mpini wa milimita 20. Mpini mnene unakuwezesha kutumia nguvu ya kutosha bila kukunja uso, na mtu asiyekunja uso hatelezi ovyo. Kuhusu chuma, maandishi "Cr-V" kwenye shina yanamaanisha kuna kromiamu na vanadiamu ndani yake, lakini kuchapa herufi ni rahisi na hakuthibitishi kitu. Chuma laini kitapinda ncha siku ya kwanza, na kigumu mno kitakatika kipande. Kati ya hayo mawili, afadhali ncha ivunjike kuliko skrubu iharibike, kwa sababu ncha utanunua nyingine.

Kila bunduki na mfuo wake

Hakuna kipimo kimoja cha mfuo wa skrubu za bunduki, na historia ya eneo hili inaonyesha kwa nini. Wajerumani, ambao ngome yao bado inakumbukwa kwa jina la Fort Ikoma, walileta Mauser. Waingereza wakaja na Lee-Enfield kwa askari wa King's African Rifles. Idara ya wanyamapori ya Tanganyika ikatumia raifo nzito za kaliba ya 404 kwa tembo na nyati waharibifu, na baadaye zikaja za 375 na 458. Katikati ya hizo zote ziliingia shotigani za mitutu miwili za Ulaya kwa walowezi, wafanyabiashara na wawindaji.

Shotigani za Kiingereza za mkono zina mifuo myembamba sana, wakati mwingine kama unene wa kucha. Hapo hata bisibisi nzuri ya raifo haiingii. Inatakiwa ncha iliyosagwa kwa ajili ya skrubu hiyo pekee. Ukiiharibu skrubu yake hutapata nyingine dukani, kwa kuwa kila moja ilitengenezwa kwa mkono na hata nyuzi zake huenda hazilingani na skrubu ya kisasa. Fundi atalazimika kuichonga mpya kwenye mashine ya kukerezea.

Mauser 98 ina mtego wake. Chini, mbele na nyuma ya kikingio cha kifyatulio, kuna skrubu mbili kubwa zinazoshika chuma na mbao pamoja. Kwenye nyingi za kijeshi, kando ya kila moja kuna kiskrubu kidogo ambacho kazi yake ni kuizuia ile kubwa isizunguke. Asiyejua anaona skrubu kubwa haitembei, anaongeza nguvu, anatafuna mifuo yote miwili. Bisibisi ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kutazama.

Lee-Enfield ya zamani, Nambari 1, inatisha zaidi. Kitako chake kimeshikwa na bolti ndefu inayofikiwa kwa bisibisi ndefu kupitia tundu la nyuma. Ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba na imeshikwa na kibati ndani ya mbao za mbele. Ukiizungusha kabla ya kuondoa mbao hizo, zinapasuka. Nambari 4 iliyofuata iliondolewa utaratibu huo. Bunduki mbili zinazofanana kwa macho ya mtu wa kawaida, moja unaweza kukaza kitako chake bila kufungua kitu, nyingine ukifanya hivyo umeivunja.

Raifo za kaliba kubwa zina tatizo la kinyume. Teke lake ni kali, na kila mlio unatikisa skrubu zilizoshika chuma kwenye mbao. Zikilegea, chuma kinaanza kugonga mbao kwa nyuma badala ya kukaa imara, na kitako kinaweza kupasuka nyuma ya bolti. Askari wa wanyamapori anayesimama mbele ya nyati hapaswi kugundua hilo siku hiyo. Skrubu hizi zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara, na kwa bisibisi pana yenye mpini mnene. Lakini zisikazwe mpaka mbao zikandamizwe. Mbao zikishabonyea, skrubu italegea tena haraka zaidi.

Mtu anaweza kuuliza habari za SMG, ambayo ndiyo bunduki inayotajwa zaidi katika habari za mkoa huu. Hiyo si silaha ya raia hata kidogo, na pia ina skrubu chache: zinashika kitako na mpini, na sehemu nyingi zilizobaki zimeshikwa na pini. Mafundi silaha wa vyombo vya ulinzi hutumia nyundo ndogo na misumari ya kusukumia pini kuliko bisibisi.

Nyota za aina mbili

Bunduki za zamani karibu zote ni za bapa. Nyota ya kawaida, ile iliyopewa jina la Mmarekani Henry Phillips katika miaka ya 1930, utaikuta sana kwenye raba iliyofungwa mwisho wa kitako. Nyota hii kuta zake zimelala mshazari, hivyo nayo hupanda ikizidiwa nguvu. Bisibisi ya nyota iliyochakaa kwenye pikipiki isisogezwe karibu.

Siku hizi darubini za kulengea hufungwa kwa skrubu za nyota yenye pembe sita, zinazoitwa Torx, na ukubwa unaokutana nao zaidi ni T15. Hizi kuta zake zimesimama wima, na zinashika vizuri kiasi kwamba hatari inageuka: mtu anakaza kupita kiasi na kukata skrubu au kuminya bomba la darubini. Watengenezaji wengi hutaka pete zikazwe kwa kiasi cha nyutoni mita 2 hivi, ambacho ni nguvu ya vidole, si ya mkono mzima. Usiingize ufunguo wa alen kwenye tundu la Torx kwa sababu tu "umeingia". Utazunguka ndani na kuacha tundu la duara.

Ukikosa inayolingana

Mafundi wa zamani hawakununua seti. Walichukua bisibisi ya kabari yenye chuma kizuri wakaisaga wenyewe hadi ikalingana na skrubu moja, na wakaiweka kwa skrubu hiyo maisha yote. Njia hiyo bado inafanya kazi. Funga bisibisi kwenye jiliwa, tumia tupa laini au jiwe, punguza pande zote mbili sawasawa, ukipima kwenye mfuo kila baada ya muda mfupi. Ncha iishie kwa ukingo ulionyooka, usiwe wa mviringo. Ukitumia grainda, chovya kwenye maji kila sekunde chache. Ncha ikigeuka rangi ya buluu, joto limeshalainisha chuma, na itapinda.

Wakati wa kufungua, kwanza safisha mfuo kwa kijiti au sindano. Mafuta yaliyoganda na vumbi la mbuga hujaa humo, na ncha haifiki chini. Bunduki ilale juu ya meza kwenye blanketi lililokunjwa, isishikwe katikati ya magoti. Simamisha bisibisi wima kabisa, bonyeza kwa uzito wa bega, kisha zungusha polepole. Skrubu ikigoma, tone la mafuta ya kupenya kutu na usiku mzima wa kusubiri hufanya zaidi ya nyundo. Ikigoma tena kesho yake, simama hapo na uipeleke kwa fundi mwenye leseni. Skrubu iliyogoma ikiwa na mfuo mzima ni kazi ndogo kwake. Iliyotafunwa inabidi itobolewe.

Na siku ya kuichukua, kabla hujasaini, tazama mifuo. Kwenye bunduki nyingi nzuri za mkono, mtengenezaji aliipanga mifuo yote ielekee upande mmoja, sambamba na mtutu. Ukikuta mmoja umelala mshazari wakati mingine imenyooka, mwulize fundi papo hapo. Ama skrubu hiyo haijafika mwisho, ama imekazwa kupita pale ilipokuwa, ama si skrubu uliyomletea.